A Mbili

Mji mzima unajua kuliandika jina lake.
Hata watoto wa darasa la pili
wanaliandika kwa mkaa ukutani bila kukosea,
na herufi kubwa pale linapoanzia.
Lakini mimi, fundi wa mabango, Barabara ya Nane,
niliyeletewa ubao wa marehemu,
nimekaa tangu adhuhuri, brashi imekauka:
Mwanaasha ni kwa a mbili au moja?
Dukani hapa hakuna anayejua.

Walikuwa saba, kwenye foleni ya mashine, Makorora,
Ijumaa, debe nyuma ya debe,
umeme ndiyo kwanza umerudi.
Yeye alikuwa mlinzi wa ghala la jirani.
Bunduki ya lindo.
Sisemi zaidi. Waliosema zaidi wapo,
wamesema mpaka rangi ya viatu vyake.

Tangu siku ile nimekataa kazi tatu.
Ya kwanza ya vijana wa bodaboda,
walitaka uso wake kwenye madigadi:
"Mchore, kaka, anatisha, tutaheshimiwa."
Ya pili ya bwana mmoja wa gazeti:
picha yake, futi nane kwa sita, njia panda,
na chini yake neno moja, MNYAMA.
Nikamwambia, mnyama hachorwi futi nane.
Futi nane ni za mgombea ubunge.
Ya tatu nitaisema.

Kinyozi Mwinjuma, mlango wa pili, ana hukumu yake:
anyongwe Mkwakwani, mchana kweupe, bila kiingilio.
"Watu watajaa mpaka juu ya paa!"
Najua watajaa, Mwinjuma.
Ndiyo maana sitaki.
Uwanja uliojaa ndicho alichokuja kukitafuta
pale mashineni, kwa watu saba na madebe yao.
Leo tumjazie sisi wenyewe?

Na msidhani nina huruma ya kugawa.
Riziki Mhina alikuwa ananidai elfu nne,
sasa sina wa kumlipa.
Ningekuwa hakimu, na brashi haihukumu,
ningemfungia Maweni, kamera zirudi zilikotoka,
na kila alfajiri apewe kibao na chaki:
andika Riziki. Andika Sefu Mwanyota.
Andika Kibibi Shekue, na mjukuu wake Hozza, mgongoni.
Andika Mbelwa msagaji. Andika Zaituni wa chapati.
Andika Mwanaasha.
Ukikosea herufi, futa, anza upya.
Mpaka mvi zimjae kichwa kizima
na huku nje asiwepo mtu
anayekumbuka alifananaje.

Kazi ya tatu ilitoka kwa wakubwa wa mtaa.
Kuna kisima kule Sahare, na kwenye saruji yake
jina limekwaruzwa kwa msumari.
Ni jina lake, na si lake. Ni la babu yake,
aliyechimba futi arobaini kwa sururu moja,
maji yalipotoka akawaachia watu, akaenda zake kulala.
Wakaniambia: lipake chokaa.
Nikaenda na ndoo. Nikapiga magoti.
Nikaanza kwa kunywa, maana jua lilikuwa kali.
Maji matamu, wallahi.
Nikarudi na chokaa yangu yote
na mpaka leo sijui kama nimetenda haki
au nimeona kiu tu.

Mama yake Mwanaasha amepita saa kumi.
Hakukaa. Hakutaka hata kiti.
Ameutazama ubao, amenyoosha kidole:
"Mbili. Weka a mbili.
Ukimwandikia moja alikuwa ananuna,
daftari anamrudishia mwalimu."
Akaenda zake, mfuko wa nyanya mkononi.

Nimechovya brashi.
Ya kwanza imetoka nene kidogo.
Ya pili, inshallah, itanyooka.